Riwaya za bintiyo

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako nimeipata, na pale uliposema bintiyo ametimiza miaka 13 na sasa kila kitabu unachomnunulia anakirudisha rafuni kabla hajavuka sura ya pili, niliona jinsi ulivyoumia. Unaogopa kwamba hapendi tena kusoma. Mimi sidhani. Mwenzetu amekua, na vitabu bado ni vile vya jana.

Umeomba majina ya riwaya za makuzi, zile zinazosimulia kijana anavyokua, na nitakupa. Ila kwanza nikwambie ninachokitazama mimi. Riwaya nyingi zinazosifiwa kwa kusimulia ujana zimeandikwa na watu wazima wanaoukumbuka ujana wao, na sisi tunazipenda kwa kuwa tunakumbuka pamoja nao. Mtoto wa miaka 13 hana cha kukumbuka. Yeye ndiyo kwanza anaingia humo, na anataka kumwona mwenziwe aliye humo humo: mtu anayepaswa kuamua jambo zito bila kujua litaishaje, na asiyekuwa na mkubwa wa kumwamulia. Nikifungua riwaya, hilo ndilo ninalolitafuta kwenye kurasa za mwanzo. Tena mhusika amzidi msomaji mwaka mmoja au miwili. Watoto hupenda kuchungulia mbele.

Kwa kuwa unasema Kiingereza hakimsumbui, ningeanza na The Outsiders ya S. E. Hinton. Hinton alianza kuiandika akiwa na miaka 15, na ilipochapishwa mwaka 1967 alikuwa na miaka 18. Hilo unalisikia katika kila ukurasa. Msimulizi ni Ponyboy, mvulana wa miaka 14 aliyefiwa na wazazi wote wawili, anayeishi na kaka zake, na mkubwa wao imembidi awe baba kabla ya wakati wake. Sikufichi, mna ugomvi wa magenge na mna vifo. Lakini hakuna anayemhubiria msomaji, na mapenzi ya wale ndugu watatu, pamoja na ukali wa yule mkubwa, atayaelewa vizuri mtoto yeyote anayegombezwa na mtu anayempenda.

Kwa Kiswahili, usipite Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Mhusika mkuu, Kongowea, anafiwa na mama, kisha anaondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Ni safari, na safari humvuta msomaji hata pale msamiati unapokuwa mzito. Msamiati wenyewe mwache aruke anapokwama, asikatize hadithi kwa kukimbilia kamusi. Tatizo la kitabu hiki ni umaarufu wake: kimewahi kuwa kitabu cha mtihani, na ukikisoma huku unawinda dhamira na tamathali za usemi, Kongowea anageuka swali la kujibiwa. Mpe kama zawadi, na usimwulize kitu.

Peponi ya Abdulrazak Gurnah, aliyoifasiri Ida Hadjivayanis kwa Kiswahili mwaka 2022, ningemwekea mpaka afike miaka 15 hivi. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri aliyemdhania ndugu, kumbe ni rehani ya deni la baba yake. Ni riwaya nzuri mno, ila inakwenda taratibu, na inamtaka msomaji atambue mambo ambayo Yusuf mwenyewe hayatambui.

Uliniuliza pia kuhusu Rosa Mistika ya Kezilahabi. Ndiyo, kuna wakati ilipigwa marufuku shuleni. Inazungumzia binti aliyelelewa kwa ukali mno, na yanayompata baadaye ni mazito, kwa hiyo kwa sasa simpi. Lakini usiifiche kana kwamba ni aibu. Ikifika siku ataisoma, uwe umeisoma wewe kwanza, ili akija na maswali asikukute kimya. Mimi naona binti hudhurika zaidi na mama asiyetaka kuulizwa kuliko na kitabu.

Jambo jingine, na hili nakusihi. Akikiacha kitabu katikati, usimlaumu. Daniel Pennac, mwandishi Mfaransa aliyekuwa mwalimu, alitaja haki kumi za msomaji katika kitabu chake cha 1992, na mojawapo ni haki ya kutokimaliza kitabu. Naiamini kwa moyo wote. Na lile swali la "umejifunza nini?" liache kabisa. Tafuta nakala yako, usome sambamba naye, na ukikuta mhusika amefanya la kijinga, lalamika kwa sauti. Atakujibu tu, wa umri huo hawawezi kuvumilia mtu mzima akimsema vibaya mhusika wao.

Sasa nifanyie hivi: vitoe vile vitabu alivyovirudisha rafuni, uangalie kila kimoja alikiachia wapi. Kama ni pale penye maelezo marefu, au pale mkubwa anapoanza kutoa nasaha, niandikie. Nikishajua anachokikimbia, nitakuongezea majina mengine.

Nikumbukie bintiyo, umwambie shangazi yake anasubiri kusikia kutoka kwake.

Wako akupendaye,
Shoga yako