Barua kwa mwalimu mwenzangu aliyekabidhiwa saa za kujitolea

Dada mpendwa,

Barua yako imenikuta katikati ya kusahihisha mitihani, nikaona heri niweke kalamu nyekundu chini nikujibu kwanza. Kwa hiyo wamekukabidhi wewe huduma kwa jamii, kuhesabu na kuthibitisha saa ambazo wanafunzi wanajitolea! Pole na hongera, kwa mpangilio huo huo. Unasema fomu za karatasi zimejaa boksi zima, nusu hazina sahihi, na mkuu wa shule anataka kila kitu kiingie mtandaoni kabla ya muhula ujao. Mimi nimepita njia hiyo, na nilijikwaa mara kadhaa. Ngoja nikuonyeshe visiki vilipo.

Kisiki cha kwanza nilikipanda mwenyewe: nilianza na saa. Nilitengeneza jedwali zuri lenye rangi, jina, kidato, tarehe, saa, na jumla inayojihesabu yenyewe. Wanafunzi waliuelewa mchezo siku ile ile, kwamba kinachotakiwa ni namba. Mwisho wa muhula nikawa na kijana mwenye saa 46. Nilipomuuliza alikuwa akifanya nini hasa, alifikiri kidogo, kisha akasema, "Nilikuwepo." Hakunidanganya, alikuwepo kweli. Jedwali langu halikuwahi kumuuliza zaidi ya hapo.

Siku hizi fomu yangu inauliza mambo machache tu: umefanya nini, kwa ajili ya nani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, nani alikuona, na kitu gani kimekushangaza. Hilo swali la mwisho usiliache. Ukiuliza "umejifunza nini" utaletewa risala: nimejifunza umuhimu wa ushirikiano, na kadhalika, wote maneno yale yale. Ukiuliza kilichomshangaza, unapata mtu. Binti mmoja aliyekuwa akimsomea bibi mzee barua zake aliniandikia kwamba bibi yule kusoma anajua vizuri sana. Alichokitaka ni mtu wa kukaa naye. Sentensi mbili tu, na mimi nikajua kazi imefanyika.

Umeniuliza uweke saa ngapi. Huko Ontario, Kanada, mwanafunzi wa sekondari anatakiwa kufikisha 40 ili ahitimu. Jimbo la Maryland nchini Marekani linataka 75, na maandalizi pamoja na tafakari vinahesabiwa humo. Diploma ya IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari) haina idadi ya saa kabisa: mwanafunzi anaendelea na shughuli zake kwa muda usiopungua miezi 18, huku akiandika tafakari. Mimi moyo wangu uko kwa hao wa mwisho, ila najua mkuu wako atataka namba. Mpe namba ndogo.

Kisha wafundishe kujaza siku ile ile, kwa simu, kabla ya kulala. Mali bila daftari hupotea bila habari, na saa za kujitolea hupotea upesi kuliko mali nyingi. Nilikuwa na mwanafunzi aliyefanya kazi kila Jumamosi muhula mzima, akangoja mwisho ndipo atafute sahihi. Msimamizi wake alikuwa ameshahama, simu haipatikani, na waliobaki hawakumfahamu. Nilimwamini, lakini fomu haikuwa na mahali pa kuandika kwamba namwamini. Alilia ofisini kwangu, na sikuwa na la kumwambia.

Ndiyo maana sasa uthibitisho hausubiri. Mwanafunzi akijaza, msimamizi anapata ujumbe wenye swali moja: je, alikuja na akafanya hivi? Ajibu ndiyo au hapana, basi. Wasio na barua pepe nawapigia mwenyewe, na si wote. Nachagua wachache kila wiki bila mpangilio. Inatosha wanafunzi wajue kwamba simu inaweza kumwangukia yeyote. Tangu nianze hivyo, ile miandiko ya wasimamizi watano tofauti inayofanana kama mapacha imekoma.

Usikimbilie kununua programu. Fomu ya bure na jedwali la mtandaoni vinatosha muhula wa kwanza, na humo ndimo utakapojua unachohitaji kweli. Lakini jedwali lifunge! Mimi niliwahi kutuma kiungo kwa darasa zima, kumbe kinamfungulia kila mtu namba za simu za wazazi wote. Kilikaa wazi siku mbili kabla mzazi mmoja hajaniambia. Kila mwanafunzi aone mstari wake tu, na taarifa usiyoihitaji usiiulize.

Sasa suala la kutafuta kazi zenyewe. Kumwambia mwanafunzi "katafute mtandaoni" ni kumtupa baharini. Tengeneza orodha yenu wenyewe, fupi: kazi gani, siku gani, umri wa chini, wa kuwasiliana naye, na tarehe uliyohakiki mara ya mwisho kwamba nafasi bado ipo. Hiyo tarehe ndiyo roho ya orodha. Mwanafunzi akipiga namba tatu zote zimekufa, ya nne hapigi. Mimi kila mwezi nafuta bila huruma. Na uwaambie mapema kwamba anayedai ada ya usajili, au anayetaka wazungumze faraghani bila mzazi kujua, waachane naye na wakuletee habari.

Kwa wale wasioweza kutoka nyumbani, zipo kazi zinazofanyika kwenye skrini. Umoja wa Mataifa una huduma ya kujitolea mtandaoni tangu mwaka 2000, ila ni ya waliotimiza miaka 18, kwa hiyo wengi wako bado. Zooniverse, tovuti ambapo watu wa kawaida huwasaidia watafiti, ni rahisi kuanzia: mizizi yake ni mradi wa mwaka 2007 ambapo watu wa kawaida walipanga picha za galaksi kwa maumbo yake, na leo mtu anaweza kutambua wanyama walionaswa na kamera za porini au kunakili hati za kale zilizoandikwa kwa mkono. Missing Maps, iliyoanzishwa 2014, inawapa watu picha za setilaiti wachore nyumba na barabara, ili watoa misaada wajue watu wanaishi wapi. Halafu ipo Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ina njaa ya waandishi, na mwalimu wa lugha kama wewe unaweza kuwasimamia humo vizuri kuliko mimi.

Uzuri wa ramani na Wikipedia ni kwamba kila badiliko linahifadhiwa na tarehe, saa na jina la mtumiaji. Huhitaji sahihi ya mtu. Ubaya ni kwamba mwenye haraka ya saa anaharibu: niliwahi kukaa na kijana tukakuta "nyumba" zake kumi na mbili ni miti. Tulifuta moja moja, na muda wa kufuta nilimhesabia pia. Alicheka, lakini baada ya hapo akawa mchoraji makini kuliko wote.

Fomu yako ikiwa tayari nitumie, hata kama haijanyooka. Nitaijaza kama mwanafunzi mvivu mwenye simu ya kioo kilichopasuka na bando linaloelekea kuisha, nione nakwama wapi. Ikinichukua zaidi ya dakika tatu nairudisha kwako na kalamu nyekundu.

Wasalimie wa nyumbani.

Ni mimi,
mwalimu mwenzako