Barua ya Wazi kwa Masai Ujiri: Thamani ya Siakam Imeishia Wapi?

Dar es Salaam, Februari 2025

Ndugu Masai Ujiri,
Rais wa Toronto Raptors,

Salaam nyingi kutoka Dar es Salaam.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mama yako ni Mkenya, na kwa sababu huku kwetu wapo wengi wanaoikeshea timu yako ya mpira wa kikapu. Mechi ya Raptors inayoanza saa moja na nusu jioni Toronto, kwetu inaanza saa tisa na nusu usiku. Mlango wa kubadilishana wachezaji ukifungwa kwenu saa tisa alasiri, hapa ni saa tano usiku, na mimi kila Februari nakuwa macho na simu mkononi.

Mwaka huu sikuhitaji kuisubiri hiyo saa tano. Niliamka asubuhi ya tarehe 6 nikakuta umeshamchukua Brandon Ingram kutoka New Orleans. Umewapa Bruce Brown, Kelly Olynyk, chaguo la raundi ya kwanza la drafti ya 2026 lililotoka Indiana (yaani zamu ya kuchagua kijana mpya anayeingia ligi), na chaguo moja la raundi ya pili. Hazikupita siku nyingi, ukampa Ingram mkataba mpya wa miaka 3 wenye thamani ya dola milioni 120, kabla hajavaa jezi yetu hata kwa dakika moja. Kifundo chake cha mguu wa kushoto kiliumia Desemba na hadi naandika haya hajarudi uwanjani.

Jirani yangu ni mtu wa Yanga, na aliniuliza swali la maana: kwani hamkutoa pesa? Nikamweleza kwamba NBA haina dirisha dogo kama letu, ambapo klabu inalipa ada na mchezaji anahama. Huko mtu hulipiwa mtu, na mishahara lazima ikaribiane. Ingram analipwa takriban dola milioni 36 msimu huu. Brown analipwa milioni 23, Olynyk karibu 13. Ukizijumlisha unaipata hesabu. Brown aliongezewa msimu huu Juni iliyopita huku sisi mashabiki tukishangaa, kumbe mshahara wake ulikuwa unawekwa akiba kwa siku kama hii. Hilo nakupa heko, lilikuwa jambo la mtu anayetazama mbali.

Lakini Brown alitoka wapi? Alitoka kwa Siakam. Na hapo ndipo barua yangu inapoanzia hasa.

Pascal Siakam mlimchagua wa 27 mwaka 2016, kijana kutoka Cameroon ambaye wengi hawakumjua. Alipitia timu yenu ya kukuzia vipaji, Raptors 905, akatwaa nayo ubingwa 2017. Miaka miwili baadaye akafunga pointi 32 katika mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Golden State. Kwa kijana wa Kiafrika aliyeshika mpira akiwa amechelewa, hakukuwa na mfano mkubwa kuliko yeye. Vijana ninaowafundisha wikendi pale Upanga walikuwa wakijaribu ule mzunguko wake wa kumpita beki kwenye lami hadi viatu vinatoboka.

Januari 17, 2024 ukampeleka Indiana. Ulipata Brown, Jordan Nwora, Kira Lewis na machaguo matatu ya raundi ya kwanza. Nimekaa na daftari nikafuata kila kipande kilikokwenda. Chaguo moja likawa Ja'Kobe Walter, wa 19. La pili ulilitoa Februari 2024, pamoja na Lewis na Otto Porter, ukaletewa Ochai Agbaji na Olynyk kutoka Utah. La tatu limekwenda New Orleans mwezi huu, na Brown na Olynyk wamelisindikiza. Kwa hiyo leo, mwaka mmoja na wiki chache tangu Siakam aondoke, kilichobaki mkononi mwetu ni Ingram, Walter na Agbaji. Mkoba umeshafunguliwa wote.

Je, ni bei mbaya? Nimeligeuza swali hili siku kadhaa, na nitasema ninavyoona bila kuzunguka. Kwa siku ya leo, bei ya Ingram ni ndogo. Lile chaguo la Indiana lilikuwa linazidi kupungua thamani kila Siakam anaposhinda, kwa sababu timu ikishinda sana chaguo lake linasogea mwisho wa foleni. Na Siakam anashinda: mwaka jana aliifikisha Indiana fainali ya kanda ya Mashariki. Ingram ana miaka 27, alikuwa mchezaji aliyepiga hatua zaidi ligi nzima mwaka 2020 na akacheza mchezo wa nyota mwaka huohuo. Mtu wa namna hiyo hapatikani mara nyingi kwa chaguo moja la raundi ya kwanza na mikataba miwili inayokaribia kuisha.

Kinachoniuma ni bei ya kuchelewa, kwa sababu hii tumekuwa tukiilipa mara kwa mara.

Turudi Februari 9, 2023. Usiku ule nilikesha nikiamini utafanya moja kati ya mawili. Ama ungemuuza Fred VanVleet, OG Anunoby au Siakam wakati bado wana mikataba na bei zao ziko juu, ama ungetulia. Ukafanya la tatu: ukatoa chaguo la raundi ya kwanza la 2024, lenye kinga kwa nafasi sita za juu (likiangukia humo tunabaki nalo), ili kumrudisha Jakob Poeltl kutoka San Antonio. Poeltl simlaumu. Ni senta mzuri, anaweka vikingi vya uhakika (kumzuia beki kwa mwili ili mwenzake apite), anajua kupasi, na ndiye yule mliyempata kwa chaguo ulilolipata kutoka New York kwenye biashara ya Andrea Bargnani mwaka 2013, kisha akaenda San Antonio pamoja na DeMar DeRozan ili Kawhi Leonard aje. Mnyororo huo ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa zilizofanywa na kiongozi yeyote wa kikapu, na nimeusimulia mara nyingi kwa watu wanaodhani ubingwa huja kwa bahati.

Lakini mwaka 2023 tulimnunua kwa ajili ya safari gani? Msimu ulikwisha kwa ushindi 41 na vipigo 41. Kwenye mechi ya mchujo dhidi ya Chicago, nyumbani, tulipata mitupo huru 36 tukafunga 18. Nusu nzima ilipotea, tukafungwa 109 kwa 105. Julai VanVleet akaenda Houston na sisi hatukupata chochote. Desemba Anunoby akaenda New York, tukapata RJ Barrett na Immanuel Quickley, na hiyo naikubali kabisa. Januari Siakam akaondoka, zikiwa zimesalia miezi tu kwenye mkataba wake, na kila timu iliyokaa nawe mezani ilijua kwamba saa inakimbia upande wako. Msimu wa 2023-24 tukamaliza na ushindi 25. Siku ya bahati nasibu ya drafti, kura inayopanga nani ataanza kuchagua, Mei 2024, tulikuwa timu ya sita kutoka mwisho. Timu mbili zilizokuwa nyuma yetu zikaturuka, tukashuka hadi nafasi ya nane, na chaguo likaenda San Antonio kulipia deni la Poeltl.

Nilikaa na hasira ile wiki nzima. Si kwa sababu ya bahati nasibu, hiyo haina mwenyewe. Ni kwa sababu tulilipa chaguo la nane kwa msimu ambao hatukuwa tumeamua kama tunajenga au tunabomoa.

Linganisha na Februari 7, 2019. Ulimtoa Jonas Valančiūnas, aliyekuwa nasi tangu 2012, ukamtoa Delon Wright na C.J. Miles, ukamleta Marc Gasol kutoka Memphis. Watu walilia kwa ajili ya Valančiūnas, mimi nikiwemo. Ila biashara ile ilikuwa rahisi kuielewa, kwa sababu uamuzi mkubwa ulikuwa umeshafanyika kiangazi kilichotangulia, Leonard alipokuja. Ulijua timu inakwenda wapi na kipande gani kinakosekana: mtu mzima wa katikati atakayemsumbua Joel Embiid, atakayepasi haraka, asiyedai mpira. Gasol alikubali kupiga mara chache kuliko alivyozoea. Juni tukawa mabingwa.

Sasa rudi kwa Ingram. Yeye ni mtu wa kudai mpira, na sisemi hivyo kama tusi, ndivyo kipaji chake kilivyo. Anapenda kuchukua dribo mbili tatu, anasimama umbali wa kati, anapiga juu ya beki. Scottie Barnes naye anacheza vizuri mpira ukiwa mikononi mwake. Barrett anapenda kuingia ndani kwa nguvu. Quickley ndiye anayeanzisha mashambulizi. Na Poeltl hapigi kutoka mbali, kwa hiyo njia ya kwenda kikapuni inabaki na msongamano. Nikiwapanga watano hawa ubaoni pale Upanga na kuwauliza vijana wangu nani atasimama pembeni bila mpira kwa sekunde ishirini ili wengine wapumue, wananitazama tu. Kocha Darko Rajaković anapenda mpira usiogande mahali pamoja. Ningependa kusikia kutoka kwako jinsi mlivyolijadili jambo hili kabla ya kupiga ile simu.

Pia kuna afya. Tangu alipocheza mechi 79 katika msimu wake wa kwanza na Lakers, Ingram hajawahi kuzidisha mechi 64 kwa msimu mmoja. Msimu huu alikuwa amecheza 18 alipoumia. Sasa weka mishahara juu ya hilo. Barnes anaanza msimu ujao mkataba wa miaka 5 wa zaidi ya dola milioni 220. Quickley ana zaidi ya milioni 160 kwa miaka 5. Poeltl alipewa milioni 78 kwa miaka 4. Ongeza milioni 40 kwa mwaka za Ingram. Hii ni bili ya timu inayotaka kushinda sasa, na imewekwa mezani kwa timu ambayo imepoteza mechi nyingi mno kuliko ilizoshinda. Tukikosea hapa, kodi ambayo ligi huzitoza timu zenye mishahara mikubwa itatufunga mikono kwa miaka mitatu.

Davion Mitchell umempeleka Miami. Alilinda kwa moyo, namtakia heri.

Ndugu Masai, sisi Watanzania tunaijua siku hii ya mwisho kwa uchungu wa karibu. Hasheem Thabeet, kijana wetu wa hapa Dar, alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Februari 2011 akapelekwa Houston katika biashara ya Shane Battier. Machi 2012 akahamishwa tena, safari hii Portland. Mara mbili jina lake lilitembea kwenye orodha kama uzito wa kusawazisha mizani. Tangu hapo nikisoma majina ya waliobadilishwa nasoma yote, hadi la mwisho. Ndiyo maana nimefuata kila kipande cha Siakam kwenye daftari. Walter na Agbaji ni vijana wenye ndoto, na wanastahili timu inayojua inawataka wafanye nini.

Nina maombi matatu kwako.

Kwanza, Ingram asiharakishwe kurudi. Kifundo kipone kabisa, hata kama hatumwoni hadi Oktoba. Dakika hizi zilizobaki wapewe Walter, Gradey Dick, Jamal Shead na Jonathan Mogbo. Chaguo letu la mwaka huu ni letu, halina deni la mtu. Tumeshaonja faida ya msimu mbaya: ule tuliocheza Tampa, Florida, badala ya Toronto, ulituletea Barnes akiwa wa nne mwaka 2021. Sikuombi timu ifungwe makusudi. Naomba tu tusimlipe mtu yeyote chaguo lingine ili kupata ushindi tano wa ziada mwezi Machi.

Pili, kabla ya Februari ijayo uwe umeamua. Ikiwa ifikapo Krismasi watano hawa hawajaelewana, anayepaswa kuondoka aondoke akiwa na miaka kwenye mkataba wake, wakati simu zinapigwa kuja kwako.

Tatu, tuambie. Agosti 2023 ulikusanya vijana wa Afrika pale BK Arena, Kigali, na ulizungumza nao kama watu wanaoweza kuelewa mambo makubwa. Mashabiki nao wanaweza. Tukiambiwa kwamba kuna miaka miwili ya kujenga, tutaikeshea hiyo miaka miwili. Tukiambiwa kwamba tunataka kuingia mtoano msimu ujao, tutakupima kwa hilo. Kinachochosha ni kukesha bila kujua tunakesha kwa ajili ya lipi.

Nitashukuru kupata jibu lako, hata likiwa la mistari miwili.

Wako,
Kocha wa vijana na mshabiki wa Raptors tangu enzi za Vince Carter,
Upanga, Dar es Salaam