YAH: Malalamiko kuhusu gego lililozibwa Machi mwaka jana na kufunguka Mei mwaka huu

Kwa Meneja wa Kliniki ya Meno,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Pamoja na salamu, naomba usome barua hii mwenyewe, usimpe mtu wa mapokezi.

Jumanne nilikuwa kitini, ganzi imeshashika, dawa ya zamani imeshachimbwa nusu. Daktari akaniambia nishuke nikalipie 120,000 kwanza, ndipo amalizie. Nilipouliza kwa nini nilipie upya, nilijibiwa mbele ya wagonjwa: "Meno ya kuziba ndivyo yalivyo, kila mwaka yanarudiwa."

Si kweli, na mnajua si kweli. Kompoziti, ile dawa ya kuziba yenye rangi ya jino, ikiwekwa vizuri kwenye gego hukaa kama miaka 7 hadi 10. Amalgamu, ile ya metali yenye rangi ya fedha, 10 hadi 15, nyingine hupita hapo. Hairudiwi kwa kufuata kalenda. Hurudiwa ikivunjika, jino likipata ufa, au pembeni pakiachia na uozo ukapenya chini yake. Anayesaga meno usingizini huimaliza mapema; mimi sisagi. Langu limevuja: eksirei yenu inaonyesha kivuli cheusi chini ya dawa, upande unaogusana na jino la jirani.

Na sababu iko wazi. Jino hupakwa asidi kama sekunde 15, husuuzwa, hukaushwa, ndipo hupakwa gundi. Mate yakigusa hapo katikati, gundi haishiki. Machi hamkuweka mpira wa kutenga jino, ni pamba mbili tu, nazo zililowa chepechepe. Kisha shimo zima likajazwa kwa mkupuo na kumulikwa taa ya kugandisha mara moja! Kompoziti ya kawaida huwekwa tabaka za milimita 2, kila tabaka na taa yake, maana hunywea ikiganda, na mwanga haufiki chini ya tabaka nene. Siku hiyohiyo nilisema jino linatangulia kugonga nikiuma. Karatasi ya rangi ya kupimia haikutolewa. Niliambiwa nitazoea.

Narudia ya Jumanne, kwa sababu nadhani hamjaielewa. Nusu ya uso siisikii, shimo li wazi, mate yananichuruzika kidevuni, nimepanga foleni nahesabu noti, naulizwa jina na siwezi kulitamka. Dakika 40. Niliporudi, shimo lililojaa mate likapulizwa upepo kidogo na kuzibwa vilevile, bila mpira. Yaani kosa la Machi limerudiwa, na safari hii nimelilipia tena.

Nataka 120,000 zangu, na gego lizibwe upya bure na daktari mwingine, kwa mpira na kwa tabaka. Nataka pia nakala za picha zangu zote za eksirei. Na uozo ukiwa umefika kwenye kiini cha jino, kutibu mizizi na kuvika jino kofia ni gharama yenu.

Nawapa siku 7. Zikipita, picha na risiti zinakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika, na hapo sitadai tena marekebisho, nitadai fidia.

Mgonjwa wenu.