Kiwanda cha korosho hakifuati kiwanja cha bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la viwanda vya korosho huku kusini, maana kila msimu maneno ni yaleyale, halmashauri imetenga eneo, wawekezaji waje, kodi watasamehewa, halafu msimu unaisha korosho zinapakiwa ghafi melini kwenda India na Vietnam.

Kwa hesabu ya uzito tu, kiwanda kinatakiwa kiwe Mtwara au Lindi, hakuna ubishi. Kilo 100 za korosho ghafi ukibangua unapata kilo 20 mpaka 25 hivi za kula, nyingi ya zilizobaki ni maganda, sasa nani anapenda kulipia nauli ya maganda mpaka Asia? Ndo maana korona, yaani mitambo ya kuchakata majani ya mkonge, ziko mashambani na miwa ya Kilombero inasagwa hukohuko Kilombero, ikikaa tu sukari inapungua. Bia ni kinyume, maji yapo kila mahali na chupa ni nzito, kwahiyo kiwanda kinamfuata mnywaji Dar, Mwanza, Arusha, Mbeya.

Sasa mbona korosho inatukimbia? Mimi naona ni kalenda na mtaji. Sisi tunavuna Oktoba mpaka Januari, India wanavuna kuanzia Februari hivi mpaka Mei, kwahiyo korosho yetu inaziba miezi ambayo viwanda vyao vingekaa bila mzigo, na ndo maana mnadani wanapandisha bei bila kuogopa. Mbanguaji wa hapa yeye anatakiwa anunue mzigo wa mwaka mzima ndani ya hiyo miezi michache, hela yote atoe mwanzoni, halafu riba ya benki inatembea huku anabangua kidogokidogo mpaka msimu mwingine. Akizidiwa bei mashine zinalala na kina mama waliokuwa wanabangua wanarudi nyumbani. Tusisahau zamani serikali ilijenga viwanda 12, vingi hukuhuku kusini katikati ya mikorosho kabisa, na vingi vikaishia kuwa maghala. Eneo halikuwa tatizo!

Hii kongani ya Maranje, yaani eneo la viwanda vya korosho hapa mkoani Mtwara, naiunga mkono kwa moyo wote, ila umeme, maji na barabara peke yake havitatosha kama mbanguaji hana uhakika wa korosho. Ninachoomba ni wabanguaji wa ndani watengewe mzigo wao kabla ya mnada, na walipe bei ya wastani ya mnada wa wiki hiyo ili mkulima asipunjwe hata shilingi, hapo kwa mkulima sitaki mchezo kabisa. Na Benki ya Maendeleo ya Kilimo iwakopeshe hela ya kununulia mzigo, marejesho yaende kadri wanavyouza korosho zilizobanguliwa, siyo kila mwezi kama mkopo wa bodaboda. Bodi ya Korosho itangaze utaratibu huo mapema, Agosti au Septemba, maana ikifika Oktoba maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, yameshaanza kupokea na wanunuzi wa nje wameshajipanga.

Mdau wa korosho,
Masasi