Kwa Seif, kuhusu zile kuvu za Chernobyl

Mwanangu Seif,

Salama lakini? Huku wazima, kazi zinasonga. Nimeiona ile habari uliyonitumia ya kuvu zinazokula mionzi kule Chernobyl, kile kituo cha umeme wa nyuklia cha Ukraine, na swali lako la chini yake, kwamba kama kuna kitu kinakula mionzi si wakipande tu pale mambo yaishe. Nilianza kukujibu kwa meseji nikaona inakuwa ndefu, bora nikae niandike kabisa, maana hii ishu naifuatilia na kinachonikera ni kwamba watu wanaitia chumvi pale ambapo haikuhitaji chumvi, yani ukweli wenyewe unashangaza vya kutosha.

Ukweli ni huu. Kinu namba 4 kililipuka tarehe 26 Aprili 1986, na kwenye miezi michache ya mwanzo watu 28 walikufa kwa kuugua mionzi, wafanyakazi wa pale na wazima moto. Wakalifunika jengo lote kwa zege na chuma. Sasa baadae mama mmoja mtaalamu wa kuvu kutoka Kyiv, Nelli Zhdanova, yeye na wenzake wakawa wanachunguza sampuli za kutoka mle ndani, kwenye kuta na vyumba vya jengo lenyewe lililoharibika, wakakuta kuvu zimeota, tena sio moja, spishi 37! Na nyingi ni nyeusi. Maarufu kati yao inaitwa Cladosporium sphaerospermum, na usidhani ni dude fulani la kutisha lililozaliwa na ajali, hapana, ni ukungu wa kawaida kabisa, unaota kwenye kuta zenye unyevu sehemu nyingi duniani, ulikuwepo kabla ya kinu na utakuwepo baada yake. Hapo ndo wale wa kusema mionzi imeumba kiumbe kipya wanapochemka.

Lakini kuota tu pale sio habari kubwa sana, kuvu ni sugu, mtu akipigwa mionzi ya greyi 5 hivi (greyi ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) mwili mzima bila matibabu uwezekano wa kupona ni mdogo, kuvu zingine zinapigwa maelfu na bado zinaishi. Kilichonishtua mimi ni kitu kingine. Zhdanova na timu yake wakachukua hizo kuvu maabara, wakaweka chanzo cha mionzi upande mmoja, wakaangalia nyuzi za kuvu zinaelekea wapi, na nyingi zikawa zinaelekea kwenye chanzo. Zinakifuata!! Waliandika hayo 2004. Kiumbe chochote chenye akili zake kingekimbia, hizi zinasogea.

Basi watu wakaanza kujiuliza zinafuata nini. Na hapo ndo inaingia melanini, ileile inayotupa rangi ya ngozi na nywele (na tafadhali usiende kuwaambia watu kwamba sisi weusi tunashiba mionzi, najua utani wako). Kule New York, kwenye chuo cha tiba cha Albert Einstein, Ekaterina Dadachova na Arturo Casadevall wakafanya jaribio walilolitoa 2007. Walichukua kuvu zenye melanini, wakaziweka kwenye mionzi ya kama mara 500 ya ile ya kawaida inayotuzunguka kila siku, zikakua haraka kuliko zile ambazo hazikupata mionzi. Ila utamu wa jaribio ni kwamba moja ya kuvu walizotumia walikuwa nayo pia ya aina yake isiyotengeneza melanini, nyeupe, na hiyo haikupata faida hiyo. Kwahiyo sio mionzi peke yake inachochea, ni mionzi ikikutana na melanini. Pia wakapima melanini yenyewe wakakuta ikishapigwa mionzi tabia yake ya umeme inabadilika, inakuwa na uwezo wa kupitisha elektroni, zile chembe ndogo za umeme, mara 4 zaidi kwenye aina fulani ya kipimo cha kemia, na kwenye seli elektroni zikihama ndo nishati inatembea. Wazo lao likawa: labda melanini inafanya kwa mionzi kitu kinachofanana na kile klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, inachofanya kwa mwanga wa jua.

Hiyo "labda" ndo inayopotea kila mtu akisimulia. Ukivaa shati jeusi ukakaa juani litapata moto, lakini huwezi kusema shati limekula. Melanini inanasa nishati, hilo halina ubishi, ila kutoka kunasa mpaka kuifanya chakula kuna hatua nyingi katikati na hizo hatua hakuna aliyezionyesha zote, hakuna aliyeonyesha kuvu ikitumia mionzi kutengeneza sukari yake kutoka hewani kama jani linavyofanya. Kuvu hizi bado zinahitaji kula vitu vingine, uchafu, mabaki ya viumbe, chochote chenye kaboni. Kwa maoni yangu mimi mionzi kwao ni nyongeza, sio mlo, na inawezekana pia melanini kazi yake kubwa ni kuwakinga tu halafu sisi tunaona kinga tunaita chakula.

Sasa turudi kwenye swali lako. Hata tuseme zinakula kweli, bado hazisafishi kitu kaka. Kinachotoa mionzi ni atomu, mfano sesiamu 137, na mionzi ni kile kinachotoka kwenye hiyo atomu inapovunjika, na itavunjika kwa ratiba yake, nusu inaisha kila baada ya miaka 30 hivi uwe umeipandia kuvu au hujaipandia. Nyasi zinakula mwanga kila siku na jua halijapungua hata kidogo. Kuvu ikidaka mionzi imedaka kilichokwisha kutoka, atomu nyingine ziko palepale zinaendelea. Tena kuvu zinaweza kuleta shida, maana uyoga wa porini unanyonya sesiamu kutoka ardhini, kikemia inafanana na potasiamu, madini ambayo viumbe vinayahitaji, na kule Ujerumani kusini, Bavaria, nguruwe pori wanaokula uyoga wa chini ya ardhi bado wengine wanapimwa wanakutwa na sesiamu kupita kiwango kinachoruhusiwa, miaka yote hii na Chernobyl iko mbali vile. Kwahiyo badala ya kumaliza, wanaiingiza kwenye chakula cha viumbe wengine.

Matumizi ambayo mimi naona yana maana kidogo ni ya angani. Wanafunzi wa sekondari fulani Marekani walikuja na wazo la kupeleka hiyohiyo Cladosporium kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa, ikakaa siku 30 hivi kwenye kisahani, nusu ina kuvu nusu haina, chini ya kila upande kuna kifaa cha kupima. Upande wa kuvu mionzi ilipungua kwa asilimia 2 na kidogo. Najua utasema asilimia 2 kitu gani bana, lakini ule utando ulikuwa na unene wa milimita 1.7 tu hivi, na faida yake ni kwamba hubebi ukuta mzima kutoka duniani, unabeba kipande kidogo kinajiotesha chenyewe huko. Pia ilikua haraka kuliko ile iliyobaki huku duniani, ila hapo mi siwapi maksi zote maana kule hakuna uzito kama huku, utajuaje ni mionzi na sio hilo.

Halafu nikuambie kitu ambacho hakipati hata robo ya umaarufu wa hizi kuvu. Kama unataka kiumbe kinachoishi kwa mionzi kweli, kipo hapahapa Afrika, kwenye mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, kilomita 2.8 chini ya ardhi. Ni bakteria, Desulforudis audaxviator, hana jua, hana oksijeni, yuko kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 hivi ndani ya nyufa za miamba, na karibu yuko peke yake kabisa, walipochukua yale maji wakasoma vinasaba vilivyomo zaidi ya asilimia 99 vilikuwa vya kwake. Mle kwenye miamba kuna urani, mionzi ya urani inavunja maji inatoka hidrojeni, na yeye anaitumia hiyo hidrojeni pamoja na salfeti kupata nishati, kaboni na naitrojeni anajitafutia mwenyewe humohumo. Hagusi mionzi moja kwa moja lakini ukiondoa mionzi hana maisha. Na njia yake inaeleweka hatua kwa hatua, tofauti na kuvu. Kwa hiyo mtu akinibishia kuhusu Chernobyl huwa nampeleka Mponeng.

Ile ripoti ya 2007 iko kwenye jarida la PLoS ONE, ni bure, ingia usome, ukifika kwenye grafu za ile kuvu nyeupe na nyeusi nitumie meseji tubishane maana najua utakuwa na lako. Na yule jamaa uliyesema alikutumia video ya kuvu ya kijani inang'aa gizani mwambie kuvu yenyewe ni nyeusi tii, haing'ai popote.

Wasalimie nyumbani wote.

Ni mimi wako,
Hamza