Ohi: barua kwa Mjomba kutoka Thessaloniki

Thessaloniki, 29 Oktoba

Mjomba, shikamoo.

Salamu kwako, kwa Mama na wote nyumbani. Uliuliza hii "Ohi" ya hapa Ugiriki ni sikukuu gani, ili uwasimulie wanafunzi wako. Neno lenyewe ni "hapana". Huandikwa ΟΧΙ, lakini hiyo X ya Kigiriki isome kama h, tena laini.

Usiku wa kuamkia 28 Oktoba 1940, mnamo saa tisa, balozi wa Italia, Emanuele Grazzi, alifika nyumbani kwa waziri mkuu Ioannis Metaxas huko Kifissia, karibu na Athens. Alileta matakwa ya Mussolini: majeshi ya Italia yaachwe yakalie sehemu muhimu za Ugiriki, pasipo kutajwa ni zipi. Mwisho wa kujibu, saa kumi na mbili asubuhi. Metaxas alisoma, akajibu kwa Kifaransa, lugha ya mabalozi enzi hizo: "Basi, ni vita." Hapo wanafunzi wasikosee: neno lenyewe "ohi" hakulitamka. "Ohi" ililipuka magazetini na barabarani kulipokucha. Metaxas alikuwa dikteta tangu Agosti 1936, na wengi hapa hushikilia kwamba hapana ile ni ya wananchi. Nami naona wana haki. Waitalia hata hawakungoja muda wao wenyewe uishe. Saa kumi na moja na nusu walikuwa wanavuka mpaka kutoka Albania.

Kwenye milima ya Pindus, Kanali Konstantinos Davakis alikuwa na watu kama 2,000 dhidi ya divisheni nzima ya Waitalia iliyoitwa Julia, askari waliofunzwa vita vya milimani. Magari hayakuweza kupanda kule, nyumbu hawakutosha. Wanawake wa vijijini wakajitwisha masanduku ya risasi mgongoni, wakayafunga kwa kamba na kupanda nayo. Tarehe 22 Novemba Wagiriki waliingia Korçë, ndani ya Albania. Kisha baridi ikawala: buti zikilowa, damu haifiki vidoleni, nyama inakufa, na daktari hana budi kukata.

Wajerumani walivamia 6 Aprili 1941. Waambie wanafunzi kwamba siku hiyohiyo majeshi yaliyotoka Kenya, wakiwemo askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), yaliwapokonya Waitalia Addis Ababa. Lile kanisa dogo la huko kwetu Kenya, mteremkoni kuelekea Mai Mahiu, lilijengwa na mateka wa Kiitalia wa vita hivyohivyo.

Utaona kwamba wanaadhimisha siku vita vilipoanza. Mwisho wake ulikuwa mchungu: njaa kali ya 1941 na 1942 chini ya Wajerumani, kisha Wagiriki wakapigana wao kwa wao hadi 1949. Nasi Wakenya, Siku ya Mashujaa inatokana na usiku wa 20 Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa na kina Kenyatta wakakamatwa. Uhuru ulikuwa bado miaka 11 mbele.

Sasa gwaride, maana ulisema shule yenu itaandaa. Hapa Thessaloniki wanafunzi huandamana tarehe 27, jeshi tarehe 28, na tarehe 26 ni ya Mtakatifu Demetrios, siku mji ulipotoka mikononi mwa Waturuki mwaka 1912. Kila shule hutanguliza mshika bendera mmoja na wasaidizi watano, shati jeupe, sketi au suruali ya buluu. Nyuma hufuata kikosi, warefu mbele.

Hatua ya kwanza ni ya mguu wa kushoto, na pigo zito la ngoma liangukie mguu huo. Mambo huharibikia nyuma: ngoma ikiwa mbali, sauti huchelewa kufika, na safu za mwisho hukanyaga nusu hatua baada ya wenzao. Dawa yake ni kuiweka ngoma karibu na katikati ya msafara, na walio nyuma wafuate visigino vya aliye mbele yao badala ya kusikiliza. Wakifika jukwaani, wote wageuze kichwa kulia isipokuwa mstari wa kulia kabisa. Huo utazame mbele, la sivyo hakuna anayeushika mstari na kikosi kizima kitapinda kuelekea kwa wageni. Viatu vipya vivaliwe wiki nzima kabla. Malengelenge humchechemeza mtoto mmoja, na safu yake yote ikapoteza hatua.

Picha za mwaka huu nitamtumia Mama kwa simu, akuonyeshe.

Mpwa wako