Baba ameamka

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Pole zako zimefika. Baba yuko nyumbani, jana kala wali na kulalamika mchuzi hauna chumvi, basi ujue karudi mwenyewe.

Umeniuliza ilikuwaje. Siku nne alikuwa na homa, chakula hataki, ila vidonge vyake vya sukari hakuacha hata kimoja. Nasi tukamsifu! Alfajiri ya Jumatano namwamsha kwa swala, haamki. Shati limelowa jasho, mwili wa baridi, anakoroma. Namtikisa, wapi. Shangazi akaja mbio na kikombe cha maji ya sukari amnyweshe. Jirani yetu nesi akamshika mkono. Asiye na fahamu hamezi, ukimmiminia kitu kinamwingia mapafuni. Akamlaza ubavu, tukaita bajaji.

Hospitali kabla ya lolote walimtoboa kidole. Sukari 1.6, imeshuka mno! Mimi nilishajiandaa kusikia kiharusi, na shangazi alishaanza kutaja majini. Wakamsukumia glukosi kwenye mshipa, na hata dakika kumi hazikutimia Baba akafumbua macho, akauliza nani kamvua shati.

Daktari anasema ubongo hauna akiba ya sukari ya maana, ikikatika unazima. Na hiyo glibenklamidi, ndivyo vidonge vyake vya sukari, huikamua kongosho itoe insulini hata kama mtu hajala. Mzee figo zikichoka, dawa haitoki upesi mwilini, ndiyo maana walimlaza siku mbili na dripu. Usiku ule sukari ilishuka tena.

Nesi wa wodi alikuwa akiandika namba: macho, maneno, viungo. Kipimo cha fahamu cha Glasgow, cha tangu 1974. Mzima hupata 15, na 8 kushuka ndiyo koma yenyewe. Baba alifika na 6. Cha chini kabisa ni 3, kwa hiyo hata maiti hakosi maksi.

Kitanda cha pili alilala kijana wa bodaboda, damu imevujia ndani ya fuvu. Kwake hakuna sindano ya dakika kumi. Alikuwa anangoja kupasuliwa. Mama yake alinishika mkono siku tunatoka, sikuwa na neno.

Mama yako naye anameza vidonge hivyo hivyo, sivyo? Asiviache kwa kichwa chake, ila kamuulize daktari wake afanyeje siku asipokula.

Wako,
Zuhura